Fangasi Ilivyonifuata Mimba Nzima

Nimeona niandike kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kuniambia "hata mimi yalinipata", sikumpata. Sisi wanawake wa mtaani kwetu Mabawa, Tanga, tunaelezana kila kitu cha mimba: kutapika, kuvimba miguu, kuchukia harufu ya mume. Hili la chini hatulisemi. Mimi nililibeba peke yangu tangu mvua za vuli mpaka mitaro ilipokauka baada ya masika, na lilikaribia kunimaliza.

Naitwa Zaina. Ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, zaidi sare za shule. Mume wangu Mbaraka ananunua machungwa mashambani Muheza na kuyapakia kwenye malori yanayokwenda mikoani, kwa hiyo msimu ukiwa mzuri anaweza kulala huko siku mbili tatu. Mimba ninayoisimulia ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Ile ilianza kwa majimaji tu. Siku ya kwanza nguo ya ndani ililowa, ya pili kiuno kikauma, ya tatu nilikuwa nimelala hospitali sina kitu tumboni. Alikuwa mtoto wa kiume. Mama mkwe alimfunga kwenye kanga mpya, akazikwa kwao Tongoni.

Ndiyo maana siku nilipokuwa nashona sketi za rangi ya samawati, mimba ya pili ikiwa na wiki kumi na tatu, nikahisi nimelowa, mguu wangu ulisimama juu ya pedali. Niliingia chooni nikafunga mlango. Haikuwa damu. Ilikuwa kitu cheupe, kizito, kama mtindi ulioganda. Na nilipojisafisha, ngozi ikawaka.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia nikinyamaza labda itapita, na nikisema labda itakuwa kweli. Nikaanza kuvaa nguo mbili za ndani. Kila baada ya nusu saa naingia chooni kuangalia. Wateja wangu walidhani ni mkojo wa mimba, wakanicheka, nami nikacheka nao.

Kisha likaja lile la kuwashwa. Sijui nilielezeje kwa mtu ambaye halijampata. Si kuwashwa kwa mbu. Ni kuwashwa kwa ndani, mahali ambapo mkono haufiki na hata ungefika usingethubutu. Kazi yangu ni ya kukaa. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda kwa paja moja, kisha paja jingine, nashona mistari imepinda, nafumua, narudia. Ilipofika wiki ya pili, ngozi ilikuwa imevimba na imepasukapasuka, na kukojoa kukawa kama kumwagiwa maji ya chumvi kwenye kidonda. Nikapunguza kunywa maji ili nisikojoe. Sasa najua huo ulikuwa ujinga, lakini hofu haikuniachia nafasi ya kufikiri.

Nikaenda kwa somo yangu. Bi Mwanaidi ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo na ndiye aliyenisindikiza nilipoolewa, kwa hiyo mambo ya mwili wangu alikuwa akiyajua kabla ya mume wangu.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwanangu. Mbona unakaa upande kama uliyekalia kaa la moto?"

Nikamweleza huku nikiangalia mkeka. Alisikiliza, akaguna.

"Hilo ni joto la mimba limeshuka," alisema. "Jioshe na maji ya shabu, ukamulie na ndimu. Ndani, si nje tu. Siku tatu inakauka."

Alinipa kipande cha shabu, lile jiwe jeupe kama barafu, amekifunga kwenye gazeti. Nasema haya bila kumtukana. Bi Mwanaidi alinipa alichopewa na somo yake, na kwa mapenzi. Lakini nilipojiosha kwa maji yale nilikaa sakafuni bafuni nimeuma kanga kwa meno ili jirani asisikie. Siku ya pili nikarudia, maana nilitaka yaishe. Siku ya tatu kwenye kitambaa cheupe kulikuwa na doa la damu, ukubwa wa kifungo cha shati.

Nililiangalia lile doa muda mrefu. Nilikuwa na uhakika mtoto anatoka. Nikalala chali kitandani, miguu juu ya mto, nikingoja kiuno kiume. Hakikuuma. Jioni nikaamka, nikapika, nikampakulia Mbaraka chakula, akaniuliza mbona kimya, nikasema nimechoka na sare.

Kesho yake nilivaa baibui langu pana kabisa nikaenda duka la dawa la mbali na kwetu. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo. Nilipoanza tu kusema "kuna kuwashwa," akamalizia yeye.

"Fangasi. Kidonge kimoja tu, unameza leo, habari imekwisha."

Hakuniuliza kama nina mimba, na baibui lilikuwa limelificha tumbo. Nami sikumwambia. Nilikimeza pale pale barabarani kwa maji ya chupa. Mimba ilikuwa na wiki kumi na tano.

Nilipata nafuu ya siku nne. Katika hizo siku nne ikaangukia tarehe yangu ya kliniki. Wanawake tulikuwa kwenye mabenchi, matumbo mbele, kadi mkononi, na nesi wa dirishani alikuwa akiuliza kila mmoja kwa sauti ya kusikika mpaka geti la nje: "Una tatizo lolote? Kutokwa na uchafu? Kuwashwa sehemu za siri?" Kila aliyeulizwa alisema hakuna. Mimi nilisema hakuna kabla hajamaliza. Wakanipima uzito, wakapima presha, nikaenda zangu.

Ilirudi siku ya tano. Ilirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na pamoja nayo doa jingine.

Siku ile sikwenda dukani wala kwa somo. Nilifunga cherehani, nikarudi kituo kile kile cha afya Ijumaa asubuhi, siku ambayo haikuwa yangu ya kliniki. Niliposema dirishani kwamba nimeona damu, nikaingizwa ndani mara moja. Huko nikamkuta mkunga wa makamo, Mshambaa kutoka Lushoto, msalaba mdogo shingoni, tuliyemwita Sista Neema. Alivuta pazia, akaosha mikono, akasubiri nipande kitandani bila kunihimiza.

Nilifumba macho wakati akinipima. Nilikuwa nasubiri aseme mlango umefunguka. Aliposema kitu, alisema:

"Mama, huku umejimwagia nini?"

Nikamwambia shabu.

"Hii damu inatoka kwenye ngozi uliyoiunguza na uliyoikuna. Mlango wa kizazi umefungwa vizuri. Mtoto hatoki."

Nilianza kulia pale pale, miguu ikiwa bado juu. Akaniacha nilie. Kisha akanisaidia kukaa, akaanza kunieleza, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu yalikuwa ya kwanza kunipa pumzi.

"Hii ni fangasi. Hukuitoa kwa mtu. Inaishi mwilini siku zote, kidogokidogo, na mwili unaizuia. Ukibeba mimba, homoni zinapanda, huku chini panakuwa na unyevu na sukarisukari, na fangasi inapenda sukari. Halafu kinga ya mwili nayo inajilegeza kidogo, makusudi. Unajua kwa nini? Mtoto nusu yake ni ya baba. Kinga ikibaki na ukali wake wote inaweza kumwona mgeni ikamsumbua. Sasa mwili ukipunguza ukali kwa ajili ya mtoto, fangasi nayo inapata upenyo."

"Kwa hiyo itaisha lini, Sista?"

"Tutaitibu. Lakini sikufichi, inaweza kurudi mpaka ujifungue. Ikirudi, na wewe unarudi. Huendi kwingine."

Alitaka kunipima damu: sukari, kaswende, virusi vya ukimwi. Fangasi inayorudirudi, alisema, ni lazima tujue haina mwenzake nyuma. Nilitolewa damu nikarudi kwenye benchi kusubiri. Mkono wangu wa kushoto alikaa mama aliyekuwa akila embe mbichi na chumvi, na mpaka leo embe mbichi siigusi. Nilifikiri juu ya Muheza. Nilifikiri juu ya zile siku mbili tatu za Mbaraka, kila mwezi, kila msimu, na nyumba za wageni zilizo kando ya soko. Sikuwahi kumwazia hivyo kabla. Benchi la hospitali linaweza kukufanya umshuku hata mtu aliyekufunika shuka jana yake.

Majibu yalikuwa mazuri. Sukari sawa, kaswende hakuna, virusi hakuna. Nikavuta pumzi, na kwa sababu nilikuwa nimelegea, nikamwambia Sista Neema kitu ambacho sikuwa nimekisema: kile kidonge.

Kalamu yake ilisimama.

"Cha kumeza? Kimoja? Wiki ya ngapi?"

"Ya kumi na tano."

"Kwa mjamzito hatukitoi. Tunatumia vya kuweka ukeni, havizunguki sana mwilini." Alinitazama. "Sikuambii kimemdhuru. Wengi wanameza bila kujua na watoto wao wanatoka wazima. Lakini tumtazame, wewe upate amani na mimi nipate amani. Ultrasaundi ni Jumatano. Na mwambie mzee aje, na yeye tumpime."

Nilitoka na vidonge vya kuweka, kimoja kabla ya kulala kwa siku saba, na siku tano za kusubiri.

Nilimwambia Mbaraka jioni ile baada ya swala. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kituoni, lakini yalitoka vingine. Nikasema nina fangasi, nimetumia dawa, kituoni wanamtaka na yeye. Alikuwa amekaa mlangoni akisugua miguu.

"Wanitake mimi kwa nini?"

"Wakupime tu."

"Ugonjwa wa huko chini, halafu wanitake mimi." Akainuka. "Umeitoa wapi, Zaina?"

"Sista anasema haitolewi kwa mtu. Ni mimba."

"Mama yangu amezaa saba. Sikusikia haya."

Sikuwa na nguvu ya kugombana, na labda ningegombana ingekuwa afadhali. Asubuhi alichukua begi, akasema kuna mzigo Muheza. Hakusema anarudi lini. Nilimsikia akifungua geti, na jambo la aibu ni kwamba nilishukuru, maana kukaa naye chumba kimoja huku nikijikuna kulikuwa kumenichosha.

Siku zile tano sikuweza kushona. Nilikaa ndani nikijiweka dawa na kuhesabu. Nilikuwa nalikumbuka lile duka, naikumbuka ile chupa ya maji, namkumbuka mwanangu wa Tongoni kwenye kanga. Nilijiambia huyo wa kwanza alichukuliwa na Mungu, lakini huyu nimemuua mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu niliona aibu kusema neno moja kwa muuzaji wa dawa. Hata swala niliiacha, kwa kuona mwili wangu mchafu haufai kusimama mbele ya Mungu.

Jumatatu, mama mkwe aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa ametoka Tongoni na mkoba wa ukili, uso umekaza. Nilijua mwanawe amempigia. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akafungua kanga kichwani akaifunga tena.

"Mbaraka kanambia una maradhi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Meupe? Yanawasha mpaka unataka kujikwangua kwa kisu?"

Nilimtazama. Sikuwa nimemweleza mtu kwa maneno hayo, wala Sista Neema.

"Mimi mimba ya Mbaraka," alisema polepole, akiangalia dirisha, "nilikuwa nakwenda pwani maji yakijaa, nakaa humo mpaka kifuani, natoka ngozi imekunjamana. Watu wakisema mwari yule ana pepo wa baharini. Si pepo. Nilikuwa natafuta ubaridi. Na baada ya Mbaraka, yule wa tatu, na yule wa tano. Sikumwambia mtu. Baba yake Mbaraka angenirudisha kwetu."

"Ulimwambia Mbaraka, mama?"

"Nimemwambia jana kwenye simu. Akakata."

Hakunikumbatia, si mtu wa hivyo. Aliingia jikoni akanitengenezea uji, akaziosha nguo zangu zote za ndani kwa mkono, akazichemsha, akazianika kwenye kamba ya uani juani kabisa, pale ambapo mimi siku zote nilizificha chini ya kanga. Nilitaka kumzuia nikashindwa. Jirani alipopita akaangalia, mama mkwe akamwambia, "Karibu," kwa sauti kubwa, jirani akapita.

Aliponiuliza kama naswali nikamwambia ukweli. Alimtuma mtu amwite mwalimu wa madrasa ya wanawake, naye alikuja akanijibu akiwa amesimama mlangoni, kwa haraka, kama anayejibu swali la kila wiki: hiyo si hedhi, jisafishe, tawadha kila swala inapoingia wakati wake, uswali. Niliswali adhuhuri nikiwa nimekaa kitini.

Jumatano tulikwenda pamoja. Mashine ilikuwa kwenye chumba kidogo chenye feni inayolia. Daktari alinipaka ile dawa ya baridi tumboni, akaanza kutembeza kifaa, akiangalia kioo, kimya. Mara ya kwanza, ile mimba iliyotoka, daktari naye alikuwa kimya vile vile. Nilishika ukingo wa kitanda. Mama mkwe alikuwa amesimama miguuni pangu, midomo inacheza kwa dua.

Kisha mlio. Tak-tak-tak-tak, wa haraka sana, kama cherehani ya umeme.

"Moyo huo," daktari alisema.

"Mikono?" mama mkwe aliuliza.

"Miwili."

"Vidole?"

Daktari alicheka kidogo. Akatembeza kifaa, akasubiri, akatuonyesha kiganja kidogo kimefunguka kwenye kioo. Mama mkwe alisogea mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo, akahesabu mwenyewe, kimoja kimoja. Uti wa mgongo ulikuwa sawa, kichwa sawa. Daktari akasema nirudi baada ya mwezi tumtazame tena, lakini alichokiona kilikuwa kizuri.

Ningependa kusema hofu iliishia hapo. Haikuisha. Dozi ile ya siku saba ilinipoza kabisa, nikakaa wiki tano mkavu na mzima, nikamaliza sare zote kabla shule hazijafunguliwa. Mbaraka alikuwa amerudi baada ya siku tisa. Alirudi amekonda, akaweka karatasi mezani. Alikuwa amepima kituo cha afya cha huko huko Muheza: kila kitu safi. Hakusema nisamehe. Alisema, "Mama kanambia." Usiku huo alilala kitandani, upande wake, mgongo umenielekea, na nilimwacha hivyo.

Mwishoni mwa Januari, kaskazi imekaza, joto la Tanga lile la jasho kutiririka ukiwa umekaa, ikarudi. Nilijua tangu asubuhi. Safari hii sikungoja hata siku moja. Sista Neema alinipa dozi nyingine, akapima tena sukari kwa sababu mimba ikikomaa sukari inaweza kupanda, nami nikakaa kwenye benchi lile lile na hofu ile ile, hata kama nilijua ninachosubiri. Hofu haina kumbukumbu. Kila mara inakuja kama mara ya kwanza. Machi ikarudi tena. Nilikuwa nimeshaacha nguo za nailoni, nimeacha sabuni ya manukato, najikausha kwa kitambaa cha pamba, naamka kwenye kigoda kila baada ya mstari kutembea uani. Vilisaidia, havikuzuia.

Mwili wangu nao ulikuwa umeniwia mgeni. Tumbo lilikuwa kubwa kiasi kwamba sikuweza kujiona chini, na kidonge nilikiweka kwa kupapasa. Siku moja Mbaraka alinikuta nimeegemea ukuta nalia kwa kushindwa. Alikaa chini kwenye mkeka.

"Nifanyeje?" aliuliza.

"Shika kioo."

Akashika kioo. Hakujua akielekeze wapi, na kioo kilikuwa kinaonyesha zaidi dari kuliko kitu kingine, mpaka wote tukaanza kucheka. Tangu siku hiyo alikuwa anageuka upande wangu akilala.

Masika ilianza kwa mvua kubwa. Mimba ikiwa na wiki thelathini na nne niliamka asubuhi shuka limelowa. Ule uzito mweupe haukuwepo. Yalikuwa maji. Nilimwita Mbaraka nikasikia sauti yangu si yangu. Barabara ya mtaani ilikuwa imejaa maji, bajaji haikuweza kuingia, akanibeba mgongoni mpaka lami. Njia nzima nilikuwa nasema, "Ni mapema, ni mapema," naye anasema, "Najua."

Hospitali kubwa walinipima kwa kijikaratasi. Haikuwa chupa kupasuka. Ulikuwa ute wa fangasi umekuwa mwepesi, uliochanganyika na mkojo, kwa sababu mtoto alikuwa amekalia kibofu. Mkunga wa zamu alinieleza bila kunidharau. Nilimwomba radhi kwa kumsumbua. Akasema, "Ukilowa, njoo. Hata mara kumi. Huwezi kujua kwa macho na sisi hatuwezi kujua kwa simu."

Nilirudi mara mbili zaidi. Mara ya tatu ilikuwa chupa kweli, wiki thelathini na tisa.

Binti yangu alizaliwa saa nne asubuhi, mvua ikipiga bati kiasi kwamba sikusikia kilio chake cha kwanza, nilimwona tu mdomo umefunguka. Nilihesabu vidole. Mama mkwe alihesabu baada yangu, kama asiyeniamini. Wiki ya pili ulimi wake ukawa na utando mweupe usiofutika, akawa anaachia ziwa na kulia. Nilimpeleka siku ile ile. Ilikuwa fangasi ile ile imehamia mdomoni mwake. Walinipa dawa ya matone ya kumpaka, na yangu ya kupaka chuchu, na baada ya wiki moja ulimi ulikuwa mwekundu. Mimi mwenyewe nilikauka karibu na arobaini, bila dawa, kama Sista Neema alivyosema: homoni zilishuka, mwili ukarudisha ukali wake. Sijawashwa tena mpaka leo, na mtoto anatambaa.

Dada unayesoma haya ukiwa umekaa kwa paja moja: nenda, na sema dirishani hata kama wanasikia. Sema una mimba kabla hujameza chochote. Hayo ndiyo niliyoyajua mimi, mengine watakwambia wao.

Nina moja la mwisho, na hili nililijua majuzi tu. Nilikuwa chumbani namnyonyesha, Mbaraka yuko sebuleni anaongea na simu. Upande wa pili alikuwa rafiki yake wa Muheza, anayepakia naye machungwa, ambaye mke wake ni mjamzito. Pazia lilikuwa limeshushwa, nadhani alidhani nimelala.

"Kaka, ni fangasi hiyo," alisema. "Ya mimba. Mpeleke kituoni, na wewe ingia naye ndani, usikae nje kwenye pikipiki." Akasikiliza. Kisha akashusha sauti.

"Nakwambia kitu sijamwambia mtu. Mimi nilikimbia. Nilikaa huko siku tisa, mzigo wenyewe ulikwisha siku ya pili. Nilikuwa napita mbele ya kile kituo cha afya asubuhi na jioni, siingii. Wala si yeye niliyekuwa namshuku, kaka. Nilikuwa naogopa majibu yangu mimi."

Mtoto aliachia ziwa akanitazama. Nilimfunika, nikakaa pale pale kitandani nikimsikiliza mume wangu akimweleza mwanamume mwenzake, taratibu, jinsi ya kushika kioo.